Mjomba, Tumekichimbua Kituo cha Simu ya Upepo

Kwako Mjomba Idi, huko Kigoma uliko,

Kabla yangu, vita ya Wazungu haikuwahi kufika Bujumbura. Waulize walimu, waulize wenye vitabu: watakwambia ilipiganwa Ulaya, ikapiganwa Misri, ikapiganwa Habeshi, na hapa kwetu watu walikuwa wanalima kahawa na pamba tu. Ni mi, mpwa wako Hamisi, niliyeileta. Nimeileta kwa ndoo na mwiko wa mwashi, nikaiweka juu ya Mutanga Sud, na leo watu wenye madigri mawili mawili wanapanda kilima kupiga nayo picha. Mtu mmoja, darasa la nane, na hata mgongo haukuniuma.

Usicheke. Au cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Hii ni barua ya wazi, Mjomba. Wewe utaipata kwa mkono wa mtu wa meli ya mizigo. Nakala nyingine nitaibandika kwenye mlango wa garaji ya bosi wangu, Patro Kasimu, hapa mtaani Buyenzi. Nyingine nitampa Madamu Spesiose wa chuo. Na moja nitaisoma mwenyewe kwa sauti kwenye baraza ya Mzee Salumu fundi cherehani, pale pale wanapokaa waliokucheka. Nataka wote wasikie kwa siku moja, asije mtu akasema amesikia kwa mtu.

Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi, uliponipandisha kule mara ya kwanza. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo bandarini hakukuwa na mzigo. Tulifuata kingo za mto Ntahangwa, tukapita nyumba za Mutanga Sud zenye mageti na mbwa, tukapanda mpaka lami ikaisha na mihogo ikaanza. Ulikuwa umebeba mkate, na ndagala za kukaanga, dagaa wa ziwani, umezifunga kwenye gazeti, na kila nikiomba unasema bado. Ukanifikisha kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka, majani yameota kwenye nyufa, ukanisimamisha katikati kama mtu anayesimamisha sanduku.

"Hapo ulipokanyaga," ukasema, "babu yangu Feruzi alikuwa anawasha moto."

Nikainama kutafuta majivu. Ukanizaba kikofi cha kisogoni. "Moto wa umeme, we mujinga!"

Ndipo ukaniambia yote. Kwamba wakati wa vita ile ya pili ya Wazungu, Wabelgiji waliweka pale simu ya upepo: mlingoti mrefu wa chuma, nyaya zimeushika pande zote, na chumba chenye mashine inayosikia na kusema na watu wa ng'ambo ya ziwa bila waya hata mmoja. Mashine ilitaka umeme, umeme ulitaka injini, na injini ilimtaka Feruzi. Ulisema, "Wazungu walikuwa na masikio, lakini Feruzi ndiye alikuwa anayalisha." Kisha ukaniigizia ile injini. Ilianza kukohoa, ikakataa, ikakohoa tena, halafu ikashika, tu-tu-tu-tu, na mdomo umejaa ndagala. Mama anasema mi nimekuwa fundi wa magari kwa sababu nilishindwa hesabu. Mama hakuwepo siku ile.

Tulirudi pale mara nyingi. Nilikuwa najua kila ufa. Ila nilipokua kidogo nikaona kitu ambacho we ulijifanya hukioni: kwamba hapa mtaani, ukianza hadithi ya simu ya upepo, watu wanatazamana.

Halafu ikaja ile harusi ya binti wa jirani. Ulikuwa umevaa kanzu mpya, unawaeleza wageni wa Rumonge habari za Feruzi, na Mzee Salumu akakata katikati, na sauti yake unaijua, inasikika mpaka barabarani.

"Simu ya upepo? Basi ndiyo maana Idi naye ni mutoto wa upepo! Feruzi gani huyo? Mi namujua mumoja tu, alikuwa anachotea Wazungu maji ya kuoga!"

Watu walicheka mpaka mpiga ngoma akasimama kuuliza kuna nini. Na wewe ulicheka, Mjomba. Nilikuwa nakuangalia. Ulicheka ukiwa umeshika sahani, na pilau ikawa inamwagika polepole kwenye kanzu, hujui. Toka siku ile watoto wakawa wanakuita Mjomba Upepo. Kabla mvua hazijaisha ukapanda meli ya mizigo, ukasema kuna mtu Kigoma anataka msimamizi wa makuli. Sawa, ni kazi. Mama anasema siyo kazi. Mi sijasema kitu, nimeandika tu alichosema mama.

Sasa sikia mambo yalivyokuja.

Mwaka huu pikapu moja nyeupe ilifia mbele ya garaji. Patro Kasimu akanisukumia mimi, kwa sababu ilikuwa ya Toyota, na kwa Toyota hapa Bujumbura wa kwanza ni Mungu, wa pili tunajadiliana. Mwenye pikapu alikuwa mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kamba, viatu vimejaa udongo mwekundu. Nyuma kulikuwa na machekecheke, vigingi, mipira ya uzi, ndoo.

"Madamu, unajenga ao unavua?" nikamuuliza.

"Nachimba historia," akasema.

"Iko na injini?"

"Hapana."

"Basi siyo kazi yangu." Lakini nikatia sikio, kwa sababu alikuwa anamwambia kijana aliyekuwa naye, mwanafunzi wake Floribert, kwamba kesho wanaanza kwenye ile sakafu juu ya Mutanga Sud, ambayo zamani ilikuwa ghala la kahawa. Nikatoka chini ya gari haraka mpaka nikajigonga.

"Apana, Madamu! Ile siyo ya kahawa. Ile ilikuwa ya simu ya upepo, wakati wa vita. Mjomba wangu anaijua."

"Mjomba wako ni nani?"

"Anabebaka mizigo Bandari. Alibebaka. Sasa iko Kigoma."

Floribert alitabasamu lile tabasamu la chuo. Nilingoja na Madamu atabasamu, nilikuwa na jibu tayari, siliandiki hapa kwa sababu ya mama. Hakutabasamu. Alitoa kaye, daftari lake, kwenye mfuko, akalamba kidole, akauliza, "Jina la mjomba?" Akaliandika. Mjomba, jina lako liko ukurasa wa kwanza wa kaye ile, juu ya jina la mkuu wa idara. Nililiona kwa macho.

Nilianza kwao kama dereva, kwa sababu ile pikapu haikumwamini mtu mwingine. Siku ya tatu nilikuwa na mwiko mkononi. Siku ya kumi nilikuwa nawafokea waashi waliokodiwa kuchimba. Uchimbaji wao siyo kuchimba, Mjomba. Ni kukwangua. Wanagawa ardhi viwanja kwa uzi, kila kimoja mita mbili, na mtu anapiga magoti kwenye kiwanja chake anakwangua udongo kidole kwa kidole, rangi ya udongo ikibadilika anasimama. Kila kitu kina sheria yake, na sheria kubwa ni hii: ukiona kitu usikitoe. Unakiacha kilipolala, unaita, kinapigwa picha, kinapimwa, kinachorwa, ndipo kinatoka na kuingia kwenye mfuko wenye namba. Kwa sababu kitu peke yake kinasema kidogo. Kilipolala, na kando ya nini, ndipo kinasema zaidi. Kuna mwashi mmoja aliokota chupa akaitia mfukoni, nikampigia kelele mpaka akairudisha kwenye shimo na kuomba radhi kwa shimo.

Wiki ya pili tukasafisha sakafu yote. Upande mmoja zikatokea bolti nne zimesimama kwenye saruji, nene, zimeliwa na kutu.

"Hapa paliwekwa tanki la maji," Floribert akasema, na akaanza kuandika.

"Tanki na bolti za nini?"

"Za kulishikilia."

"Lisikimbie?"

Wale waashi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikamwambia Madamu: maji hayatetemeki, injini inatetemeka, ndiyo maana inafungwa. Nikalala kifudifudi, nikapiga saruji kwa patasi kati ya bolti mbili, kikatoka kipande, ndani cheusi. Nikanusa. Nikampa.

"Nusa na we, Madamu."

Mwalimu wa chuo kikuu, Mjomba, akapiga magoti, akavua miwani, akanusa saruji. Halafu akasema, "Floribert, nusa." Naye akanusa. Nikawaonyesha doa lilipoanzia: pale ndipo palikuwa na bolti ya kumwagia mafuta, fundi yeyote anajua, kila ukibadilisha mafuta kidogo kinakudondokea, na kwa miaka saruji inakunywa. Nikawaonyesha tundu la ukutani ambako moshi ulikuwa unatokea, bado na masizi. Floribert alifuta "tanki la maji" kwenye kaye yake, lakini alifuta kwa mstari mwembamba ili lisomeke. Ni kijana mwenye kinyongo. Tunapatana sana sasa.

Baada ya injini, tukatafuta mlingoti. Ukipanda juu kidogo toka kwenye sakafu ni shamba la mihogo la mama mmoja wa pale, mama mpole, ila anakuangalia miguu kama unakanyaga watoto wake. Madamu akamuuliza kama amewahi kuona kitu cha chuma kwenye shamba.

"Chuma?" akasema. "Iko ile pete tu. Tunafungiaka mbuzi."

Tukaenda. Mbuzi alikuwa amefungwa pale pale, anatuangalia. Pete nene kama kifundo cha mkono wangu, imezama kwenye kitalu, bonge la saruji kama jiwe la kaburi. Yule mama akasema, "Na ingine iko kule, kwa mbuzi wa dada yangu." Vitalu viwili, Mjomba! Familia nzima imefungia mbuzi kwenye vita ya Wazungu na haijui.

Hapa lazima nimpe Floribert haki yake, mara moja tu. Alichukua kamba, akapima toka kitalu mpaka kitalu, akachora kwenye vumbi, akasema kama mlingoti ulishikwa na nyaya pande tatu, cha tatu kitakuwa pale, na akaonyesha lundo la mbolea. Nikamwambia, "Aliyesema pale ndiye anachimba pale." Akachimba. Alinuka siku mbili, lakini kitalu kilikuwepo. Tukavuta kamba toka vyote vitatu, zikakutana mahali pamoja, na tulipokwangua pale tukapata mguu wa mlingoti, umekatwa kwa msumeno. Pembeni, vikombe vya kauri vyeupe vilivyoshikilia nyaya, na nyaya za shaba, na vipande vya mitungi ya betri, vioo vinene vya kijani.

Madamu Spesiose alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia nikupigie simu. Unakumbuka. Ulipokea kwa kelele za makuli, nikakwambia mlingoti umepatikana, nikasikia tu unawaambia watu huko, "Nyamazeni kidogo, nyamazeni, Bujumbura wanapiga."

Jioni ile nikaenda moja kwa moja baraza ya Mzee Salumu. Alikuwa anashona sare za shule. Nikamwambia kila kitu, bolti, pete, mbuzi. Alisikiliza na pini mdomoni, akazitoa moja moja.

"Sawa. Kituo kilikuwako. Nani alikataa kituo? Mi nilikataa Feruzi. Kila mutu hapa ana babu aliyepita karibu na kitu fulani. Babangu alipandaka treni ya Kigoma. Mi sasa ni dereva wa treni?"

"Mzee, kituo ni kile kile alichosema Mjomba."

"Mi nataka jina," akasema, na akarudisha pini mdomoni. "Lete jina la Feruzi, mi mwenyewe nitapanda ile meli, nitamwomba Idi radhi mbele ya makuli wake. Haki ya Mungu."

Kesho yake nikamwambia Madamu. Alifikiri, akasema karibu hayo hayo, kwa adabu zaidi. "Sikia, Hamisi. Karatasi za wakati ule nimezitafuta. Zinataja Muzungu mmoja wa mashine na wafanyakazi wenyeji, basi. Majina hawakuandika. Mi namuamini mjomba wako, lakini kumuamini siwezi kukuandika kwenye ripoti. Naandika kile ardhi inatoa. Ikitoa jina, nitaliandika kwa herufi kubwa."

Toka hapo, Mjomba, mi sikuwa nachimba kituo tena. Nilikuwa namtafuta Feruzi. Kila kipande cha bati nilikigeuza, kila tofali nililiangalia pande zote. Nilipata kifungo. Nilipata kikombe cha bati kilichotoboka, chini hakina kitu. Nilipata kijiko. Muda wa ruhusa ya kuchimba ulikuwa unaisha.

Wiki ya mwisho, Madamu alishuka mjini kufundisha, Floribert alikuwa juu kwa mbuzi anachora kitalu cha tatu. Nilikuwa peke yangu kwenye kona ya chumba cha injini. Mwiko ukagonga chuma bapa. Nikakwangua pembeni, nikaona tundu za skrubu kuzunguka ukingo, nikajua kabla sijamaliza: kifuniko cha ubavuni cha injini. Kimelala upande wa ndani ukitazama juu, kimejaa grisi iliyoganda kama lami.

Hapa ndipo penye kosa ambalo wote kule juu wanalijua. Sikuita. Nilikitoa. Na tena nikakiosha. Patro Kasimu ametulea hivyo, Mjomba: kipuri hakiji mbele yake na matope. Kwanza esansi, yaani petroli, halafu brashi ya waya, kikiwaka ndipo unamwonyesha; ukimletea kichafu anakurushia kichwani. Nilikuwa na kidumu cha esansi kwenye pikapu, na brashi iko mfukoni siku zote. Madamu aliporudi akakuta kifuniko juu ya ukuta kinang'aa kama sahani ya harusi, na shimo tupu.

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alikishika kwa ncha za vidole, akakigeuza, akauliza pole pole, "Kilipolala, kililala vipi?" Nikamweleza. "Na ndani kulikuwa na kitu? Rangi? Mikwaruzo?" Nikamjibu. Akaandika kwenye kaye nikiwa nimesimama kando yake: kifuniko cha injini, kimesafishwa kabla ya kuchorwa, hakina maandishi. Floribert alininyang'anya mwiko siku mbili. Waashi waliniita Sabuni. Ilipita. Mtu akikosea mbele za watu inapita.

Sasa shimo limefukiwa na ripoti karibu inaisha. Chuo kitaweka kibao pale, na Madamu alinionyesha yatakayoandikwa: hapa palikuwa na kituo cha simu ya upepo wakati wa vita, kilitambuliwa kwa maelezo ya Idi, kuli wa Bandari. Jina lako, Mjomba, kwenye bati, barabarani! Na chini yake: majina ya waliofanya kazi hapa hayajulikani.

Mama anakusalimia. Anasema bega lako ulipake mafuta ya moto, siyo ya baridi. Patro anakusalimia. Hata yule mama wa mihogo anakusalimia, hakujui, lakini sasa anawaambia watu mbuzi wake analala kituoni. Usichoke kupanda meli siku moja uje uone. Mi nitakupokea bandarini, nitakubebea begi, begi tu, wewe mzito.

Nilikuwa nimefunga barua hapo. Nimeifungua tena kwa sababu ya simu uliyonipigia Ijumaa baada ya swala. Uliuliza kituo kidogo tu, halafu ukauliza, "Na jina?" Nikakwambia hakuna jina, Mjomba, tumetafuta. Halafu ukasema, "Sawa, mwanangu. Labda ni mi niliyesikia vibaya. Nilikuwa mutoto." Na ukaanza kuniuliza habari za mama.

Basi sikiliza wewe, na Madamu asikilize, na Mzee Salumu atoe pini mdomoni.

Sisi mafundi tuna tabia ambayo hatuambiani na wenye magari. Ukifunga injini kubwa, kabla ya kukaza kifuniko cha ubavuni, unaandika jina lako upande wa ndani kwa rangi, mahali ambapo mvua haifiki na bosi haangalii. Kila ukibadilisha mafuta unaongeza kijistari. Hakuna anayekufundisha, unamwona mwenzako, na wewe unafanya. Kuna kamyo za mizigo zinazotoka hapa mpaka Kongo zina Hamisi ubavuni. Kwa hiyo nilipokishika kile kifuniko nilijua pa kuangalia. Sikukiosha kwa mazoea tu. Nilikuwa namtafuta, na nilitaka Madamu akirudi amkute anawaka, na aliyemleta awe mimi.

Grisi ilitoka kwa mabonge. Chini yake ilikuwa rangi nyekundu. Esansi ilipoilowesha ikakolea kama imepakwa jana: FERUZI, herufi kubwa kubwa, Z imegeukia upande mwingine, na chini yake vistari, safu chini ya safu, vimejaa mpaka ukingoni. Nilisoma jina lote. Mkono ulikuwa bado unakwenda. Nilipouzuia, brashi ilikuwa imechukua nusu, na esansi ilikuwa inateremka na nusu nyingine mpaka kwenye kiwiko changu. Nikashika tambara nikakausha haraka nikiokoe kilichobaki. Tambara likatoka jekundu, chuma kikabaki kitupu. Lile tambara nililitia kwenye moto wa waashi wa kupikia.

Madamu aliniuliza kama kulikuwa na maandishi, nikasema apana. Wewe uliniuliza, nikasema hakuna. Hukusikia vibaya, Mjomba. Babu yako alikuwako, alikuwa fundi, jina lake alikuwa ameliandika kwa mkono wake. Mtu mmoja tu amelisoma, na huyo ndiye aliyelifuta.

Mpwa wako, mtoto wa dada yako,
Hamisi